Ulimi wa Mama Sixbert

“Kijiko kile kile, Mama Sixbert. Kile kile ulichochovya kwangu—”

“Nilikiosha.”

“—usinikatize, kile kile ulichochovya kwangu ndicho ulichokwenda—”

“Nakwambia nilikiosha, Bi Zuwena. Kwa maji ya moto na sabuni ya kipande.”

“—ndicho ulichokwenda kuchovya kwa Habiba.”

Zuwena alishusha pumzi, akauchomeka mwiko kwenye sufuria ya mihogo kama mtu anayesimika bendera. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo alasiri, siku ya kumi na nane ya mfungo, na koo lilikuwa limemkauka kama kifuu kilichosahauliwa juani. Yeye analalamika, mwenzake anamwambia kijiko kimeoshwa. Kama vile yeye ni bwana afya.

Mama Sixbert alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la uani, futi ya cherehani ikimning'inia shingoni, na usoni hakuwa na hata chembe ya mtu aliyefumaniwa. Hilo ndilo lililozidi kumchoma Zuwena. Mtu ukimfumania, angalau atazame chini. Huyu alikuwa anatazama mihogo.

“Ulimi si sabuni,” alisema. “Hauishi kwa kutumiwa.”

“Mume naye si sabuni,” akajibu Zuwena, “na bado watu hawaazimani.”

Mama Sixbert akacheka, tena kile kicheko chake cha tumboni ambacho siku nyingine zote Zuwena alikipenda. Leo alikisikia kama kinatokea upande wa pili wa ua.

Kupika futari ni kazi ya kipofu. Unakuna nazi, unachuja tui, unatia chumvi, na huruhusiwi kujua umefanya nini mpaka jua lizame, na likishazama umeshachelewa, watu wako mezani. Wapo wanaosema ncha ya ulimi ikigusa mchuzi na ukatema, saumu haidhuriki. Lakini Zuwena alifundishwa kazi na marehemu mama yake, Bi Fatu, na Bi Fatu hakuwa na mambo ya ncha. Kwake ulimi wa aliyefunga ulikuwa umefunga wote, ncha na shina. Kwa hiyo mpishi ilibidi atafute ulimi wa nje: mtoto ambaye bado hajaanza kufunga, binti aliye kwenye siku zake, jirani mwenye mimba. Kwa miaka mingi Zuwena aliwatumia wanawe, mmoja baada ya mwingine, mpaka kitinda mimba wake, Mtoro, naye akaanza kufunga, na nyumba ikabaki haina ulimi.

Ndipo Mungu akamletea Mama Sixbert chumba cha pili.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Eufrazia. Kwao ni Ubena, kule mbele ya Chalinze. Alikuja Bagamoyo akiwa mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu akafariki, mtoto Sixbert akapata kazi Dodoma, yeye akabaki na cherehani chake barazani. Alishona sare za shule, kanzu za Idi na majoho ya kwaya, mara nyingine kwa uzi ule ule. Mchana wa kwanza alipoitwa kuonja, miaka tisa iliyopita, alitoa kijiko chake mwenyewe kwenye pindo la khanga, akachota, akafumba macho, akakaa kimya mpaka Zuwena akadhani amepaliwa. Kisha akasema: “Chumvi imefika, ila imekaa mlangoni. Haijaingia ndani.”

Zuwena aliongeza kidole kimoja cha chumvi. Jioni ile watu walilamba vidole.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi. Saa kumi na nusu Mama Sixbert aliacha cherehani, akapita vyungu vyote. Mbaazi: “Nazi inaongea peke yake.” Ndizi mbivu: “Iliki imekuja na ukoo mzima.” Hakuwahi kukosea. Alipoulizwa anataka malipo gani, alisema bakuli la mbaazi, na asipewe kaimati za jana. Basi. Alikuwa na chumba kimoja, kuku wawili na redio, na akiwa anashona alikuwa anaimba kwa pua. Zuwena alimpenda, lakini pia hakumwelewa. Mtu asiyetamani cha mtu ni kama sungura. Huoni pa kumshika isipokuwa masikio, na masikio yenyewe Mama Sixbert alikuwa hayategi kusikiliza umbea.

Sasa huyo Habiba.

Habiba alitoka Mkange miaka mitatu iliyopita, mumewe dereva wa bajaji, wakapanga nyumba ya nyuma, ua kwa ua. Ramadhani ya kwanza akatoa kistuli nje na sufuria moja ya mbaazi. Moja tu. Zuwena akacheka kimoyomoyo, akasema mtoto huyu atajifunza. Ramadhani ya pili sufuria zikawa tatu. Ramadhani hii watu walikuwa wanapanga foleni kuanzia saa kumi na moja, wanaume wazima na mabakuli yao ya bati, na ndala zao zilifika mpaka mbele ya nyumba ya Zuwena, wakiwa wamempa mgongo.

Angekuwa na jeuri, ingekuwa nafuu. Mjeuri humpa mtu sababu ya kumchukia. Lakini Habiba alikuwa na adabu za kuchosha. Shikamoo yake aliianzia mbali, akakusubiri nayo. Mbaazi zikimwishia aliwaambia wateja kwa sauti: nendeni kwa Bi Zuwena, zake nzuri kuliko zangu. Na wakaja kweli, na Zuwena akawapakulia huku anahisi kama anavalishwa nguo ya mitumba, aliyoivua mtoto.

Hayo yote angeyameza. Lisilomezeka lilikuwa chungu cha msikiti.

Kila kumi la mwisho la mfungo, msikiti wa mtaani kwao huwafuturisha wapita njia na wasio na pa kwenda. Vyakula wanachanga waumini. Mpishi anatoa mikono yake tu. Miaka sita mfululizo chungu kile kilikuwa cha Zuwena. Hakikumwingizia kitu, kilimtoa kuni zake na jasho lake, lakini kilikuwa ndiyo jina lake. Mitaa mitatu walimwita Mama Futari. Mwaka huu mzee Abdullatif, mshika funguo wa msikiti, alikuja asubuhi moja, akakohoa sana, akasema wazee wamekaa wakaona mkono mwingine nao upate thawabu. Mkono upi? Akakohoa tena. Wa Habiba.

Zuwena akasema inshallah, heri tupu. Ndani yake kitu kikashika ukoko.

Halafu leo ndio anamwona Mama Sixbert anatoka ua wa Habiba anapangusa kijiko. Kumbe mwaka jana Habiba alikuwa na mimba, akajionjea mwenyewe. Mwaka huu kaachisha mtoto, kafunga, akahitaji ulimi. Akauazima. Kwa Zuwena kila kitu kikajieleza palepale: foleni, ndala, wazee wa msikiti. Mkono wa Habiba haukuwa na lolote, ni ulimi wake yeye Zuwena, alioulea kwa mbaazi miaka tisa, ndio uliokuwa unampikia yule binti. Kwamba mwaka jana Habiba alijionjea na sufuria zake tatu zikaisha vile vile, hilo aliliweka pembeni kwanza.

Alimwambia Mama Sixbert achague.

“Sichagui,” alisema Mama Sixbert, akifunga kijiko kwenye khanga. “Habiba akiniita nitakwenda. Wewe ukiniita nitakuja. Akiniita Ibilisi, nitauliza kwanza kapika nini.”

Akaondoka zake kwenda kumalizia kola ya kanzu.

Siku tatu Zuwena alimnunia. Kununa huku umefunga ni kazi mbili kwa tumbo moja, na hakuna anayekuona, maana kila mtu ana uso huo huo. Siku ya ishirini na moja, siku ya kwanza ya Habiba na chungu cha msikiti, Zuwena aliamka mtamu kama tende. Alimsalimia Mama Sixbert dirishani. Alimuuliza habari za Sixbert na za kuku. Alasiri akamwita mapema, saa kumi kamili, akamwonjesha mihogo na magimbi, akaambiwa viko sawa.

Kisha akatoa vibakuli vitatu vilivyofunikwa kwa kawa.

Alieleza kwamba anafikiria kuuza achari Idi ikifika. Ana achari ya embe, ya ndimu, na mbirimbi alizozianika kwa chumvi, na hajui aanze na ipi, na yeye mwenyewe ndiyo hivyo, kafunga. Alieleza vizuri mno, mpaka akaona kweli ingekuwa biashara nzuri. Mama Sixbert akavuta kigoda. Huyu mama alikuwa na ugonjwa mmoja tu: ukimwambia onja, anaonja kwa dhati. Alikula embe, akarudia. Alikula ndimu nzima na ganda lake. Mbirimbi alikula nne, chumvi yake ikiwa nyeupe juu kama ukoga, machozi yakamtoka, akasema ngoja kwanza, akala ya tano ili kupata uhakika. Akaomba maji. Zuwena akampa nusu kikombe, maana maji mengi yangeosha kazi.

“Ya mbirimbi,” alisema Mama Sixbert, akilamba midomo iliyokunjamana. “Anza na hiyo.”

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Habiba.

Zuwena alijibanza kwenye ua wa makuti, upande ambao kuku walikuwa wamepanua tundu. Hakuona vizuri, alisikia. Mfuniko uliinuliwa. Ukapita muda. Kisha sauti ya Mama Sixbert, ya uhakika, ile ile iliyomwamulia yeye vyungu miaka tisa, ikasema chumvi bado. Habiba akauliza kwa adabu, una hakika mama, maana nimetia kama kawaida. Bado, ikasema sauti, ongeza. Upawa ukagonga chungu. Mara ya pili: bado kidogo, chungu kikubwa hiki, usikionee haya. Zuwena alikuwa ameuma pindo la khanga, na aliposikia mara ya tatu “bado”, ilibidi aume zaidi.

Magharibi alijitengenezea safari. Alichukua jagi la uji wa pilipili manga, akasema anaupeleka msikitini, mchango wake. Alifika wakati mikeka imeshatandikwa barazani, tende zimeshazunguka, na mikono inaingia kwenye sinia za mbaazi.

Aliona mikono inaingia mara ya kwanza. Ya pili ikasita.

Chakula hakitukanwi, na futari ya sadaka ndiyo kabisa. Lakini mmoja aliomba maji, na jirani yake akasema na mimi, na maji yakaanza kuzunguka kuliko sinia. Mzee Abdullatif alikaa na tonge shavuni kama mtu mwenye jino bovu. Zuwena akamimina uji wake, akapokea shukrani zake, na kifuani kwake kulikuwa na Idi tayari, wiki nzima kabla ya mwezi kuandama.

Ila palikuwa na mtu mmoja pembeni, utingo wa lori lililovunjika springi kwenye barabara ya Msata, mtu mzima wa ndevu zenye mvi, shati limeganda vumbi na grisi. Huyo alikula. Alikula mbaazi zote za upande wake, akazifuta kwa mkate, akafuta na za waliokuwa wamejitoa, kwa haraka ya mtu asiyejua kesho atakula wapi. Kisha akaenda kuchutama kwenye bomba la kutawadhia, akakinga viganja, akanywa, akapumzika, akanywa tena, akashika tumbo. Zuwena akageuza uso. Kumtazama yule kulikuwa kunamharibia sherehe.

Asubuhi yake mzee Abdullatif alikuja, akakohoa. Zuwena alipokea chungu cha msikiti macho chini kama bibi harusi. Ilipofika saa nne alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, anaimba.

Saa kumi na nusu ikafika. Mbaazi za msikiti zilikuwa zimeiva, tui la kwanza limeshaingia, limebaki neno la mwisho la chumvi. Mama Sixbert hakutokea. Saa kumi na dakika arobaini Zuwena aliita dirishani. Cherehani kilikuwa kimya. Redio ilikuwa kimya. Akapunguza kuni, akatoka.

Alimkuta barazani, amekaa chini, cherehani kimefunikwa shuka. Mbele yake palikuwa na visahani vitatu, na amejifunga kitambaa machoni kama watoto wanaocheza kujificha.

“Nani?”

“Mimi.”

“Bi Zuwena, nichanganyie hivi visahani halafu unipe kimoja.”

Zuwena akavichanganya. Mama Sixbert akachovya kidole, akalamba, akasema sukari. Ilikuwa sukari. Kingine, chumvi. Ilikuwa chumvi. Kingine, unga wa ndimu. Alivua kitambaa, akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyepata zote na bado anaamini amefeli. Alieleza kwamba amejaribu tangu alfajiri na kila mara anapata, lakini hata mama yake ndivyo alivyoanza. Ulimi ulikuwa unakuja na kuondoka. Mwaka ule ule mkono ukafuata, halafu mdomo ukavutika upande mmoja, na mwaka uliofuata wakamzika Ubena. Jana usiku alimpigia Sixbert simu. Sixbert alisema aende hospitali Jumatatu, yeye atatuma nauli. Asubuhi alipita msikitini kuomba radhi, mtu mmoja mmoja. Alimtafuta na yule utingo, akamkuta chini ya lori, akampelekea chai, maana yule safarini hakufunga.

“Nimewapa watu maji ya bahari, Bi Zuwena. Watu waliofunga.”

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Zuwena alilijua. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, likasimama, naye akalimeza, na kwa jinsi lilivyoshuka zito akajiuliza kama saumu yake bado ipo. Alisema kitu kingine, kwamba kila mtu hukosea. Alisema na mbaazi ziko motoni.

“Mimi tena sionji,” alisema Mama Sixbert. “Wewe tafuta mtoto.”

Shikamoo ikasikika kutoka kwenye kona, ndefu kama kawaida, na nyuma yake akaja Habiba na mtoto mgongoni. Aliwaamkia wote wawili. Akachutama mbele ya Mama Sixbert bila kuombwa, akasema amekuja kusema jambo, na tayari ameshamwambia mzee Abdullatif tangu jana. Chumvi ile ni yeye. Alitia mapema kabla ya mama kuja, akasahau, akatia tena baada ya mama kuondoka, kwa wasiwasi wa chungu kikubwa. Mama alisema kitu sahihi, mkono wake ndio uliovuruga.

“Ulimi wako mzima,” alisema Habiba. “Nimesikia habari ya hospitali. Usiende kwa ajili ya mkono wangu.”

Zuwena alimkodolea macho. Alikuwepo pale kwenye tundu la kuku. Alijua nani alisema nini na upawa uligonga mara ngapi. Yule binti alikuwa anaongopa, tena mchana wa Ramadhani, uso mkavu, kwa ajili ya mwanamke asiye ndugu yake wala wa dini yake. Na Mama Sixbert alikuwa anaanza kumwamini. Rangi ilikuwa inamrudia. Alinyoosha mkono, akamshika Habiba kiganja, akakifunika kwa kiganja chake kingine, na wakakaa hivyo.

Yangeishia hapo na kila mtu angerudi kwake salama, Zuwena kuliko wote. Chungu anacho, siri anayo, ulimi umepona. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni bure.

Lakini alitazama vile viganja. Akatazama sura ya Habiba, iliyotulia, yenye kosa ambalo si lake, na jinsi lilivyompendeza. Wivu ukampanda kutoka vidole vya miguu. Foleni kachukua, sawa. Ulimi kaazima, sawa. Sasa hata kosa? Kosa alilolipanga yeye kwa akili yake, kwa ndimu zake na mbirimbi zake alizozianika siku tatu, na huyu anakuja nalo mkononi kama bakuli la sadaka, anashikwa kiganja?

“Muongo huyo,” alisema Zuwena.

Wakamtazama.

“Hakutia mara mbili kwa kusahau. Ulimwambia bado, mara tatu, nilikuwa kwenye ua nasikia. Na ulimwambia bado kwa sababu ya achari. Nilikupa achari makusudi ili ulimi wako usisikie. Si uzee, Mama Sixbert. Si kiharusi. Ni mimi.”

Mtoto mgongoni kwa Habiba alipiga chafya. Nyumba ya pili mtu alikuwa anatwanga.

“Zile mbirimbi?” aliuliza Mama Sixbert.

“Zile.”

“Zilikuwa nzuri.” Alikuwa anazipanga sahani zake tatu, moja juu ya nyingine, polepole. “Ya embe ndiyo iliyozidi siki. Sikutaka kukuvunja moyo.” Akazisogeza pembeni. “Jana usiku nimemwelekeza Sixbert nguo za kunizikia ziko sanduku gani.”

Zuwena alikaa chini, palepale kwenye vumbi la baraza, miguu ameinyoosha mbele. Habiba alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaani, alimtazama Zuwena kama wanalingana umri.

“Bi Zuwena,” alisema, “watu walikuwa wamefunga.”

Ingekuwa nafuu angeongeza.

Zuwena alisema atakwenda kwa mzee Abdullatif sasa hivi, kabla ya magharibi, atayasema yote, na chungu kirudi kilikotoka. Habiba akasema hakitaki. Zuwena akasema ni chako. Habiba akasema hapana, kimeshapikwa kwako, mbaazi haziwezi kuhama. Wakasukumiana chungu kile kwa maneno, mmoja kwa aibu, mwingine kwa hasira, mpaka harufu ikawafikia, ile harufu ya tui linaloanza kushika chini, na Zuwena akaruka.

“Mama Sixbert, njoo mara moja tu. Ni ya msikiti. Nigombeze huku unaonja.”

“Ya msikiti ndiyo,” alisema Habiba, “lakini jana kwangu kumeharibika na leo watu wanakuja kunipima. Aanze kwangu. Haki ni aanze kwangu.”

“Haki gani, wewe una sufuria tatu, mimi nina wapita njia—”

“—wapita njia wale wale uliowanywesha chumvi, Bi Zuwena, samahani lakini—”

“—miaka tisa namlisha mimi, wewe umemjua juzi—”

“—basi mwaka huu wote ungemwekea kufuli—”

Yalikuwa yanapita juu ya kichwa cha Mama Sixbert, huku na huku, na katikati yake Zuwena akajisikia anasema ulimi wangu. Alijisikia vizuri kabisa. Dakika kumi hazijapita tangu aungame, na tayari mkono wake ulikuwa umeshika khanga ya mwenzake upande wa bega, na upande wa pili ulikuwa umeshikwa na Habiba.

Mama Sixbert aliyatoa mapindo yake mikononi mwao, moja moja, bila ukali. Alinyanyuka, akafunua cherehani, akakaa. Alichukua kanzu nyeupe isiyokuwa na mkono mmoja, akaiweka chini ya sindano, akakanyaga. Cherehani kikalia. Waliendelea kubishana juu ya ule mlio, kisha mmoja akanyamaza, kisha mwingine, maana hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake. Alishona mshono mzima, kuanzia kwapa hadi kifundo cha mkono. Alipofika mwisho aliukata uzi kwa meno.

“Daku mnakula saa ngapi?” aliuliza.

Wakatazamana. Habiba ndiye aliyejibu, kwamba yeye huamka saa kumi kasoro robo, Bi Zuwena mapema kidogo.

Mama Sixbert alikung'uta kanzu, akaitazama kwenye mwanga.

“Kesho na mimi nafunga,” alisema. “Nigongeeni dirisha.”